Kocha wa mwanao amefundishwa nini?



Katika Matendo ya Mitume, sura ya 20, yumo kijana ambaye sisi wahubiri hatupendi sana kumtaja, maana habari zake zinatusuta. Anaitwa Eutiko. Paulo alikuwa Troa, na mahubiri yake yalikwenda hadi usiku wa manane. Eutiko alikaa dirishani, ghorofa ya tatu. Usingizi ukamzidi, akaanguka hadi chini, na walipomwinua walimwona amekufa. Wengi wetu tunaikumbuka habari hiyo kwa mzaha: Baba Paroko, fupisha mahubiri. Lakini tazama alichofanya Paulo. Alinyamaza. Akashuka mwenyewe, akamkumbatia yule kijana, na hakupanda tena kuumega mkate mpaka alipojua kwamba uhai bado umo ndani yake. Mtume aliyebakiwa na usiku mmoja tu mjini pale, na kesho yake ana safari, alisimamisha Neno kwa ajili ya kijana mmoja aliyeanguka. Wala hakuna palipoandikwa kwamba walimrudisha dirishani.

Leo nataka tuzungumze habari za watoto wetu wanaoanguka uwanjani. Kila mwaka tunawatuma huko kwa maelfu. Kuna UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Kuna ligi za VIWAWA, bonanza za kanda, mechi ya kigango kwa kigango siku ya somo wa parokia, na zawadi yake ya mbuzi au seti ya jezi. Mimi ni mpenzi wa mambo hayo na namwomba Mungu tusiyaache. Lakini kila mtoto anapovuka mstari wa chokaa, kuna mtu mzima aliyekabidhiwa, naye ni kocha. Tumemfundisha nini mtu huyo, ukiacha namna ya kupanga mabeki wanne? Kwa sehemu kubwa, hatujamfundisha kitu. Nasema hivi: asikabidhiwe mtu timu ya watoto, shuleni wala parokiani, kabla hajajifunza kumtambua mtoto aliyeumia ubongo, na kumtambua mtoto anayeumia moyoni.

Mama mmoja alinisimulia habari za mwanawe, golikipa wa timu ya kigango, umri miaka 15. Katika mechi ya Jumamosi alitoka kudaka mpira wa krosi, goti la mshambuliaji likampata kichwani. Wakammwagia maji ya baridi, akainuka, watu wakashangilia, akadaka hadi filimbi ya mwisho. Jioni nyumbani aliuliza mara tatu nani ameshinda. Jumapili mwanga wa jua ulimuumiza macho na chakula kikamrudi. Jumanne akaenda mazoezini, kwa kuwa nusu fainali ilikuwa inakaribia. Aliyemzuia ni jirani yao muuguzi, aliyemwona tu njiani na kuuliza mbona anatembea kama mlevi. Hapo ndipo mama alipojua. Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu kuliko lile goti. Kijana hakuweza kufuata somo darasani, mwalimu akamwita mvivu. Akawa mkali kwa wadogo zake, baba yake akamwita jeuri. Usiku alilia peke yake, na hakujua anachokililia. Sasa yu mzima, Mungu ashukuriwe. Na kocha wake ni mtu mwema kweli, anayenunua mipira kwa fedha zake mwenyewe. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba maji ya baridi hayatibu ubongo.

Wenye taaluma wanaliita jambo hilo mtikisiko wa ubongo. Ubongo ni laini, nao umeelea majini ndani ya fuvu. Kichwa kikigongwa, au hata mwili ukigongwa kwa nguvu kiasi cha kichwa kuyumba ghafla, ubongo hutikisika humo ndani na kazi zake huvurugika. Si lazima damu itoke, wala uvimbe uonekane, wala mtu azimie. Wengi wanaopata mtikisiko huu hawazimii kabisa. Hata picha ya kichwa inayopigwa hospitalini mara nyingi huonyesha kila kitu kiko sawa, kwa maana kazi yake ni kutafuta damu iliyovuja au fuvu lililovunjika. Kifaa kinachougundua uwanjani ni macho ya mtu anayemfahamu mtoto. Anaona kwamba Fulani, ambaye siku zote ana kelele, amekuwa kimya, anashika kichwa, anayumba, anajibu polepole, anauliza swali lile lile, amesahau tunacheza na nani. Mwenyewe akiulizwa atasema kichwa kinamuuma, ana kizunguzungu, anataka kutapika, anaona ukungu. Mara nyingine dalili huchelewa saa kadhaa au hata siku moja.

Kanuni ya kwanza haihitaji udaktari. Mtoto akishukiwa tu, atoke, na siku hiyo asirudi uwanjani hata kama anasema yuko sawa, hata kama ni fainali, hata kama wachezaji wa akiba wamekwisha. Sababu ni kwamba ubongo ambao haujapona, ukigongwa mara ya pili, unaweza kuvimba kwa kasi na kumuua mtoto au kumwachia ulemavu. Jambo hilo ni nadra, na wanaopatwa nalo zaidi ni hawa hawa vijana. Akitapika mara kwa mara, akipata degedege, akizidi kusinzia au kuchanganyikiwa, maumivu ya kichwa yakizidi, shingo ikimuuma, mkono au mguu ukilegea, hapo ni hospitali mara moja, na mwenye maumivu ya shingo asiinuliwe ovyo ovyo kwa kuvutwa mikono kama tunavyozoea. Asiyekuwa na dalili hizo naye asiachwe peke yake saa za mwanzo, na aonwe na mtaalamu wa afya. Kisha apumzike siku moja au mbili, atembee taratibu, arudi shule kabla ya kurudi kwenye mpira. Mpira nao una ngazi zake: kukimbia kidogo, kisha mazoezi bila kugusana, kisha ruhusa ya tabibu, ndipo mechi. Kila ngazi siku yake, na dalili zikirudi, anashuka ngazi. Kwa mtoto safari hiyo yaweza kuchukua hata mwezi mzima. Kidonge cha maumivu anachopewa wakati wa mapumziko ili amalizie kipindi cha pili hakimo katika ngazi hizo.

Usidhani jambo hili ni la viwanja vya vumbi tu. Katika fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2014, Christoph Kramer wa Ujerumani aligongwa usoni mapema katika kipindi cha kwanza, akaendelea kucheza kama dakika kumi na nne hivi. Alimwendea mwamuzi, Nicola Rizzoli, akamuuliza kama mchezo ule ni fainali. Mwamuzi alidhani anatania. Alipoona kijana anauliza kwa dhati akawaeleza wenzake, na ndipo akatolewa. Madaktari walikuwapo, kamera zilikuwapo, dunia nzima inatazama, na bado mtu aliyechanganyikiwa alikuwa anakimbia uwanjani. Aliyegundua ni yule aliyesikiliza swali.

Kule Marekani, jimbo la Washington, walijifunza kwa machozi. Mwaka 2006 mvulana wa miaka 13, Zackery Lystedt, aligonga kichwa katika mchezo wa shule, ule wa mpira wao wa Kimarekani. Akapumzishwa kidogo, kisha akarudishwa mchezoni. Mwisho wa mchezo alianguka, akapasuliwa kichwa kuokoa maisha yake, na ikamchukua muda mrefu sana kujifunza upya kusema na kusimama. Mwaka 2009 jimbo hilo likapitisha sheria inayobeba jina lake. Kila mwaka mzazi na mchezaji wapewe maelezo na wayatie saini; mchezaji anayeshukiwa kuumia kichwa aondolewe; asirudi bila kibali cha maandishi cha mtaalamu wa afya. Kufikia 2014 majimbo yote 50 ya nchi ile yalikuwa na sheria za namna hiyo. Kituo chao cha kudhibiti magonjwa, CDC, kina mafunzo kwa makocha mtandaoni, bure. Sisi hatuna haja ya kungoja mtoto wetu aanguke ndipo tuandike kanuni yenye jina lake.

Najua kuna mzee anasoma hapa na kusema: sisi tulicheza peku, tukagongwa, tukainuka, na tupo. Mzee wangu, upo, na tunashukuru. Wapo wa rika lako ambao hawapo, nao hatuwezi kuwauliza.

Atanijibu kwa John Stephen Akhwari, na ni haki yake, kwa maana hakuna Mtanzania asiyejivunia mtu huyo. Mexico, 1968, mbio ndefu za Olimpiki: alianguka, goti likaumia vibaya, wenzake wakamaliza, giza likaingia, naye akafika wa mwisho akichechemea na bandeji mguuni. Nami nimemhubiri Akhwari mara nyingi pamoja na Mtume Paulo anayezungumzia kuvimaliza mbio. Ila tuseme kweli. Yule alikuwa mtu mzima, aliyeamua mwenyewe, akijua anachokifanya. Na kilichoumia ni goti. Aliyeumia goti bado ana akili ya kupima kama aendelee. Aliyeumia ubongo, kile chombo cha kupimia ndicho kilichoumia. Kumuuliza mtoto wa namna hiyo kama yuko sawa ni sawa na kumuuliza mlevi kama anaweza kuendesha gari. Ndiyo maana uamuzi si wake. Ni wa kocha, na kocha aliyefundishwa.

Sasa nije kwenye moyo, kwa kuwa mambo haya mawili hayako mbali kama tunavyodhani. Umemwona yule golikipa: goti lilipiga kichwa, wiki mbili baadaye kilichoonekana nyumbani ni hasira na machozi. Huzuni, wasiwasi na ukali ni miongoni mwa dalili za ubongo uliotikisika. Na hata pasipo kugongwa, Shirika la Afya Duniani linasema kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Hesabu vizuri, msomaji: katika kikosi cha watoto kumi na wanne, jumlisha na wa akiba, ni wawili. Mmoja wao huenda ndiye nahodha.

Nasema nahodha kwa makusudi. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 18, Elia anashinda ushindi mkubwa kuliko wote wa maisha yake, pale mlimani Karmeli. Sura inayofuata yuko jangwani chini ya mti, anamwomba Mungu amtwae, amechoka kuishi. Aliyeshinda jana, leo anataka kufa. Tusidhani basi kwamba mtoto anayefunga mabao hawezi kuwa na giza. Na tazama Mungu alivyomhudumia mtumishi wake. Hakumtumia malaika wa kumkemea kwamba hana imani. Malaika alimgusa, akamwekea mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamgusa tena na kumwekea chakula mara ya pili, kwa sababu safari ilikuwa kubwa mno kwake. Mazungumzo yalikuja baadaye, na hata hayo yalianza kwa swali. Nawaomba wale wanaokimbilia kumwekea mikono kila kijana mwenye sonona na kumwambia ni pepo, wakae na sura hiyo kwa utulivu. Sala inafaa, na mimi nazisali. Mkate, usingizi na daktari navyo vinatoka kwa Mungu yule yule.

Kocha hapaswi kuwa daktari wa akili. Anachopaswa ni kuona na kugusa, kama yule malaika. Mtoto aliyekuwa wa kwanza kufika mazoezini sasa anakuja wa mwisho, au haji. Amepungua mwili. Hacheki na wenzake. Anasema maneno kama “bora nisingezaliwa”, au anagawa vitu vyake anavyovipenda. Ana michubuko ambayo mpira haukuisababisha, na jambo hilo ni zito kuliko yote, maana mara nyingi nyuma yake yumo mtu mzima. Kocha aliyefundishwa atamvuta pembeni, palipo wazi ambapo watu wanawaona ila hawawasikii, na kumuuliza kwa upole. Atamuuliza waziwazi hata kama amewaza kujiua. Wataalamu wanatuhakikishia kwamba swali hilo halimpandikizii mtoto wazo ambalo hakuwa nalo. Hataahidi kutunza siri ambayo inaweza kumuua mtoto. Atajua ampeleke wapi: kwa mzazi, ikiwa mzazi si sehemu ya tatizo, kwa mwalimu wa malezi, hospitali ya wilaya, au apige 116, namba ya bure ya kusaidia watoto hapa nchini. Na atajua kwamba makofi, matusi na kumwita mtoto “mwanamke” mbele ya wenzake kwa sababu amekosa penalti si mbinu ya ufundishaji. Mabinti wa netiboli na wa soka nao wana vichwa na mioyo, lakini mara nyingi timu zao ndizo zinazopewa kocha aliyebaki.

Niseme neno kwa wazazi waliompoteza mtoto kwa kujiua, nao wamo katika kila parokia. Katekisimu, namba 2282, inafundisha kwamba maradhi mazito ya akili, hofu kuu na mateso vinaweza kupunguza wajibu wa mtu katika tendo hilo. Na namba inayofuata inatukataza kukata tamaa juu ya wokovu wake. Kanisa linawaombea. Msikubali jirani awaambie vinginevyo.

Kuna pingamizi moja ambalo nalichukulia kwa uzito. Makocha wetu wanajitolea. Wengi ni madereva wa bodaboda, walimu, mafundi, wanaotoka kazini saa kumi na moja jioni na kukimbilia uwanjani. Tukiwabebesha masharti na vyeti, wataondoka, na watoto watabaki vijiweni. Ni kweli, wapo watakaoondoka ikiwa tutawafuata kwa vitisho. Lakini makocha niliozungumza nao wanachokiogopa hasa ni kubeba lawama peke yao. Kocha anayemtoa mshambuliaji wake nyota dakika ya sabini kwa sababu ameona anayumba, akafungwa, anazomewa na nani? Na sisi. Na wazazi, na walezi wa kigango, wakati mwingine hata na paroko aliyekwisha kuahidi kombe kwenye mahubiri. Mafunzo yanampa kocha neno la kujibu, na kanuni iliyoandikwa inamlinda: sikuamua mimi, ndivyo kanuni ya parokia inavyosema. Kwa hiyo wakati wa kufundisha, wazazi na waamuzi nao wawepo, wasikie mambo yale yale.

Mtakatifu Yohane Bosco, ambaye wengi mnamjua kama baba wa vijana, aliandika barua kutoka Roma mwezi Mei 1884 akiwalalamikia watawa wake. Malalamiko yake yalikuwa kwamba walezi wameacha kuwa pamoja na vijana uwanjani wakati wa michezo. Wamesimama pembeni, wanasimamia tu. Aliona kwamba kijana hufungua moyo pale anapocheza, na asiyekuwapo pale hatauona. Makocha wetu wapo pale. Wana nafasi ambayo mimi padre sina, kwa sababu kijana anayenikwepa kwenye kiti cha maungamo hamkwepi anayempangia namba. Baraza la Kipapa la Walei, Familia na Uhai lilipotoa waraka wake juu ya michezo, Juni 2018, msimamo ulikuwa huo huo wa Katekisimu namba 2289: mchezo ni kwa ajili ya mtu, na ushindi usifanywe sanamu ya kutolewa sadaka. Sadaka hiyo, tukiangalia vizuri, mara nyingi huwa ni mtoto.

Fedha si kisingizio. Kanisa hapa nchini lina hospitali na zahanati, kuanzia Bugando na Peramiho hadi zahanati za masista huko vijijini. Kila parokia ina muuguzi anayekaa benchi la tatu Misa ya kwanza. Mwombeni yeye, na mwalimu mmoja wa malezi, na kama yupo karibu, mtaalamu wa ustawi wa jamii. Halmashauri ya Walei ipange Jumamosi moja kabla ligi ya kanda haijaanza, saa tatu asubuhi hadi saa saba. Waitwe makocha wote wa vigango, wa kike na wa kiume, na waamuzi, na mzazi mmoja kutoka kila Jumuiya. Muuguzi awafundishe dalili na ngazi za kurudi mchezoni. Kisha waandike kanuni za ukurasa mmoja, zisomwe kwenye matangazo Dominika inayofuata na kubandikwa ubaoni karibu na ratiba ya mechi, na namba ya simu ya zahanati iandikwe juu kabisa kwa herufi kubwa. Chai na chapati za siku hiyo ziwe za parokia. Makocha hao wamekwisha kununua mipira ya kutosha.